Alikaa Vibaya

Niliandika maneno machache kwenye fomu ya mechi, na yamenichosha kuliko jezi zote nilizowahi kushona. Niliandika hivi: "Namba sita alikaa vibaya."

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kutus. Siku za wiki nashona sare za shule, na Jumamosi nakaa kwenye meza ya skora, nikiandika pointi, katika ligi yetu ya voliboli ya wanawake, ile ya miji ya mlimani. Nilianza wakati binti yangu alikuwa akicheza. Akaolewa, akaacha, nami nikabaki pale mezani kama mwavuli wa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Shule niliishia darasa la nane. Namba zangu ni safi. Maneno ndiyo hunisumbua, na ndiyo maana jioni huwa nayaandika kwenye daftari, nione kama yanasema nilichotaka yaseme. Mara nyingi hayasemi.

Namba sita ni msichana mchuma majani chai kutoka upande wa Kianyaga. Ile sita ya mgongoni nimemshonea mara mbili, maana ana mabega mapana na mshono hupasuka akiruka. Mwaka jana, wakati wa maandamano, mdogo wake alipigwa risasi mjini, mbele ya mlango wa duka la vifaa vya ujenzi. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Mpaka leo hakuna aliyeitwa kujibu. Mama yao huenda kituo cha polisi na faili ya plastiki, anaambiwa arudi wiki ijayo, anarudi. Najua kwa sababu akipita kwangu huomba kiti apumzike, na faili huiweka magotini, haiweki chini.

Siku ya nusu fainali timu yao ilicheza na timu ya askari polisi kutoka Nyeri. Ligi yetu haina desturi ya wimbo wa taifa. Sisi huomba, tunarusha sarafu, tunacheza. Lakini siku hiyo kulikuwa na mgeni kutoka ofisi za kaunti, kwa hiyo mwenyekiti wa ligi akasema wimbo lazima upigwe. Akaweka simu yake karibu na maikrofoni. Kwanza likatoka tangazo la chakula cha kuku. Watu wakacheka. Halafu wimbo ukaanza, na wote tukasimama.

Namba sita alikuwa kwenye mstari na wenzake. Wimbo ulipoanza alishuka, akapiga goti moja kwenye vumbi, mkono kifuani, kichwa chini.

"Amepoteza herini huyo!" mtu mmoja akapiga kelele.

"Wacha aombe," mwingine akajibu. "Ile sava yake ya kuanzisha mpira inahitaji maombi."

"Simama wewe! Ati unajiona nani?"

Huyo wa mwisho alikuwa na hindi la kuchoma mkononi na alikuwa akitafuna. Lakini nikisema hilo niseme pia kwamba alikuwa amevua kofia, na wengi karibu naye hawakuvua.

Kocha wa timu ya askari, mama mmoja mrefu kutoka magharibi aliyehamishiwa Nyeri kikazi, alimtazama msichana tangu wimbo ulipoanza hadi ulipoisha. Sikuweza kujua alikuwa akiona nini.

Wimbo ukaisha, namba sita akapangusa goti, wakacheza. Timu yake ilishinda seti tatu kwa moja. Fomu ilipofika kwenye nafasi ya maoni ya skora, refa akaniambia, "Mama Fundi, andika tu chenye umeona." Ndipo nikaandika hayo.

Sasa, nilitaka kusema nini? Huku kwetu neno kukaa lina kazi nyingi. Mtu anakaa Kutus, anakaa kwa kiti, anakaa mgonjwa, yaani anaonekana mgonjwa. Nadhani nilitaka kusema uso wake ulikuwa mbaya, uso wa mtu aliyetoka makaburini. Nadhani. Lakini siwezi kuapa. Alipopiga goti moyo wangu ulishtuka, na pengine mkono wangu ulikuwa unasema kwamba halikuwa jambo zuri. Mimi nililelewa kuheshimu mambo hayo. Nikiwa mtoto karibu na mji wa Nyeri, saa kumi na mbili jioni filimbi ilipulizwa bendera ikishushwa, na kila mtu barabarani aliganda mpaka filimbi ya pili. Baiskeli ziliganda. Siku moja filimbi ilitukuta na mama amebeba kuni, kamba kichwani, mgongo umepinda vile unavyopinda. Akasimama hivyo hivyo, anaangalia vidole vya miguu yake. Hakuna aliyemwambia anyooke.

Hilo nalo sijui kama linahusika. Mama hakuchagua kupinda.

Jumatano mwenyekiti aliniita kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja ya chai hapa Kutus. Ni mwalimu mstaafu, mtu mzuri, ndiye hubeba neti kwenye pikipiki yake kila Jumamosi. Namba sita alikuwa amekaa pembeni, chai yake imeshika ngozi. Kocha wa askari pia alikuwapo, kwa sababu makocha walikuwa wamemchagua awawakilishe kwenye kamati ya nidhamu.

Jambo lilikuwa hivi: fainali ilikuwa Jumamosi ile, kule Naro Moru, na kocha wa timu kubwa ya Nairobi alikuwa anakuja kuangalia wachezaji. Timu hiyo huajiri. Mchezaji akichukuliwa anapata kazi ya ofisini na chumba cha kuishi. Namba sita ana miaka ishirini na mitatu na vidole vyake vimeanza kuwa vyeusi kwa majani chai. Akifungiwa fainali, nafasi hiyo imepita.

Mwenyekiti akasukuma fomu mbele yangu. "Mama Fundi, hii kitu yako imetusumbua. Alikaa vibaya. Ni kusema aliketi kwa dharau, ama ni kusema alionekana mgonjwa?"

"Nafikiri nilitaka kusema alionekana vibaya," nikasema.

"Mgonjwa!" Akapiga meza kwa kiganja, furaha tupu. "Si basi? Msichana alikuwa na kizunguzungu, akashuka chini asianguke. Nitaandika hivyo, atie sahihi, twende nyumbani."

Nilifurahi pia. Sifichi. Niliona mlango umefunguka na ni mimi niliyeufungua bila kujua.

"Sikuwa mgonjwa, Mwalimu," namba sita akasema.

"Mami, hakuna mtu anakupima hapa."

"Najua. Lakini sikuwa mgonjwa. Nikitia sahihi, mama yangu ataulizwa mtoto wake anaugua nini."

Mwenyekiti akavua miwani, akaivaa tena. Kocha wa askari ndiye aliyeongea, polepole, akizungusha kikombe.

"Dada, mimi sikuchukii. Nataka ulijue hilo. Siku ile ndugu yako alikufa, mwenzangu alipigwa jiwe. Jicho moja limekwenda. Huo wimbo ukipigwa analia na hilo jicho lililobaki. Wewe unapiga goti, yeye analia. Mimi nisimame wapi? Uwanja ndio mahali pekee hakuna mtu ananiuliza niko upande gani. Naomba mtuachie uwanja."

Alisema vizuri. Nilimwonea huruma, na nilijiuliza mbona sikuwahi kumwonea kabla.

"Pole kwa mwenzako, Afande," namba sita akasema. "Lakini wimbo mliuleta nyinyi wakubwa. Mimi nilikuja na viatu vya kucheza."

Mle jikoni mtu alikuwa akiosha vikombe.

Kocha akanigeukia. "Mama Fundi, andika upya. Bila hilo neno la kukaa. Andika macho yako yaliona nini."

Nikaandika: "Wimbo ulipoanza namba sita alipiga goti moja, mkono kifuani. Hakusema neno. Wimbo ulipoisha aliinuka akacheza." Nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali. Akamwambia mwenyekiti kwamba kwa maoni yake onyo linatosha.

Lakini mwenyekiti alikuwa na simu yake mezani, uso chini. Mgeni wa kaunti alikuwa amempigia mara mbili. Alisema hana njia nyingine, bila ugonjwa ni adhabu, mechi moja. Alisema akiangalia sukari. Msichana akasema, "Sawa, Mwalimu," akanywa ile chai baridi yote, akatoka.

Nimejiuliza tangu siku hiyo. Kama ningesema tu, "Ndiyo, alikuwa anatetemeka, niliona," pengine mwenyekiti angepata nguvu ya kulimaliza jambo. Lakini ningesema uongo mbele yake, na yeye alikuwa ameshakataa. Na je, goti lina kazi gani kwenye uwanja wa voliboli? Namwelewa yule kocha wa askari. Namwelewa na msichana. Kuelewa watu wawili hakujanipa jibu hata moja, kumenipa tu maumivu ya kichwa.

Jumamosi tukaenda Naro Moru. Baridi ilikuwa ile ya kukaza vidole, mlima umejifunika. Namba sita alikuja na timu yake, akakaa kwenye benchi nyuma ya meza yangu, sweta juu ya jezi. Sheria inataka nipige mstari juu ya jina la mchezaji aliyefungiwa. Nikaupiga kwa rula, ukanyooka.

Tulimngoja mgeni wa kaunti. Akapiga simu kwamba hatafika. Mwenyekiti akaangalia mawingu, akasema, "Tuombe haraka tuanze, mvua inakuja."

Wimbo haukupigwa. Hakuna aliyeuulizia. Hata yule wa hindi, kama alikuwapo, hakuuulizia. Nyuma yangu nilisikia namba sita akicheka kidogo kwa pua, na sikugeuka.

Timu yake ilishindwa. Kati ya seti ya pili na ya tatu, kocha wa Nairobi alikuja mezani kwangu na kijitabu chake.

"Mama, namba sita yuko wapi? Niliambiwa nimwangalie."

"Ni huyo hapa nyuma yangu."

"Ameumia?"

Nikaona mlango ule ule tena. Lingetosha neno moja. Msichana alikuwa anasikia, nilisikia benchi limeacha kulia chini yake.

"Hapana," nikasema. "Alifungiwa. Kwenye nusu fainali alipiga goti wimbo wa taifa ukipigwa. Ndugu yake aliuawa. Lakini ni mchezaji mzuri, ile sava yake ambayo watu huicheka imenyooka sasa."

Akamtazama msichana juu ya bega langu, kama hesabu ya kumi hivi. Akasema, "Aah." Akaandika kitu kwenye kijitabu, akaenda kuketi.

Mimi huwa nasoma maandishi ya watu kichwa chini miguu juu, nimezoea, meza imenifundisha. Lakini huyo aliandika ameinua kijitabu, nikaona tu mkono wake ukienda.

"Ameandika nini, Mama Fundi?" namba sita akauliza.

"Sikuona."

"Yameandikwa marefu ama mafupi?"

"Mafupi," nikasema. Halafu, kwa sababu alistahili kuambiwa kila kitu, nikaongeza, "Lakini amepiga mstari chini yake."

Refa akapuliza filimbi. Tukaangalia seti ya tatu. Mwishoni nilijaza fomu yote, na kwenye maoni ya skora nilishika kalamu muda mrefu, kisha nikampa refa fomu bila kuandika.