Wa Kwanza Kukanyaga Ufukwe

Niliwahi kufundisha watu wazima kusoma katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nilikuwa natoka Kasulu asubuhi na kufika na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Darasa lilikuwa banda la turubai, na wanafunzi wangu wengi walikuwa Wakongo.

Siku moja niliwasimulia habari za kamanda mmoja wa Wagiriki wa kale, ambaye hata vitabuni hutajwa kwa mistari michache tu. Yeye na wenzake walivuka bahari kwenda kuupiga mji wa Troya. Walikuwa wametabiriwa kwamba wa kwanza kukanyaga ufukwe wa adui ndiye atakayekufa wa kwanza. Merikebu zilipofika, kila askari alibaki ameshika ukingo, akimtazama mwenzake. Kamanda huyo alikuwa ameoa juzijuzi, hata nyumba yake haijaezekwa. Akaruka. Aliua kadhaa, kisha akauawa. Hapo ndipo wengine wakashuka.

Darasa lilipiga makofi, isipokuwa mwanamume mmoja aliyeuza sabuni sokoni. Alikuwa mtu mpole. Aliishi na shemeji yake, mjane wa mdogo wake, na ndiye aliyewalea watoto watatu wa marehemu. Wenzake walipotoka, yeye alibaki kwenye benchi.

"Mwalimu, na mimi nilikuwa komanda," alisema. "Watu kumi na tano, tulilinda kijiji chetu kule Kongo. Siku moja tukafika kwenye mto. Tuliambiwa maadui wanangojea ng'ambo, wa kwanza kuvuka hatapona. Mimi ndiye nilikuwa mbele. Nikamwambia mdogo wangu, pita."

Nilimuuliza kama mjane anajua.

"Anajua bwana yake alikufia mtoni. Hajui ni nani alimtuma. Nimwambie?"

Nje gari la kurudi Kasulu lilikuwa linapiga honi, na mimi nilishabeba mkoba begani. "Mwambie," nikasema. "Utapumua."

Sikufikiri hata nusu dakika.

Alimwambia Jumapili hiyo, walipotoka kanisani. Majirani walinisimulia kwamba yule mama hakupiga kelele. Alitoa nje mkeka wa shemeji yake, ndoo yake na katoni ya sabuni, akafunga mlango. Mwanamume akahamia upande mwingine wa kambi. Darasani hakurudi tena.

Baada ya wiki mbili hivi, mama mmoja nisiyemfahamu alisimama mlangoni pa banda.

"Wewe ndiye ulimhadithia shemeji yangu habari za komanda aliyeruka mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Bibi ya huyo komanda, baadaye alifanya nini?"

Nilijua alichofanya. Inasimuliwa kwamba miungu ilimrudishia mumewe kwa saa tatu tu, na mume alipoondoka mara ya pili, mke akajiua. Nilitazama viganja vya yule mama, vilivyopasuka kwa jembe.

"Aliishi," nikasema. "Aliimalizia ile nyumba, akalea watoto."

"Alikuwa nao wangapi?"

"Watatu."

Alinitazama usoni, nami nikajifanya napanga madaftari. Kisha akauliza, "Na wale waliobaki merikebuni, kuna aliyeenda kumwomba msamaha?"

"Sijui, mama." Hilo lilikuwa kweli.

"Mimi simsamehe," alisema. "Lakini mtoto wangu wa mwisho anamwita baba, na kila siku anamlilia. Mwambie aje Jumapili mchana awaone. Mimi sitakuwepo."

Nilimpelekea yule mwanamume ujumbe. Alikuwa anakata mche wa sabuni kwa uzi. Aliacha kukata, akakaa chini papo hapo kwenye udongo, akaomba nirudie maneno ya shemeji yake neno kwa neno. Nikarudia, hata lile la kutomsamehe.

Mpaka mkataba wangu unaisha, mambo yalikuwa hivyo. Jumapili mchana mama alikwenda bustanini, shemeji alikuja na kipande cha sabuni, akawaogesha watoto, akaondoka kabla mama hajarudi. Mama aliitumia sabuni ile. Kwa miezi yote hiyo hawakusemeshana, na mimi sikuthubutu tena kumshauri yeyote kati yao.