Baba Uwanja wa Ndege

Baba alikuja kuishi nami Saint Louis Park, Marekani, mwaka uliofuata kifo cha mama. Mimi ndiye niliyemsihi aje. Nilimwambia atapumzika, atakula vizuri, hatakuwa peke yake tena. Kwetu Voi, Kenya, alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani, ikitazama barabara. Kutwa nzima watu walikuwa wakipita na kumsalimia, hata wasiokuwa na nguo ya kushona.

Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa lililotazama maegesho ya magari. Kisha nikarudi kazini. Nilikuwa nauguza wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, na nikipata shifti ya ziada sikuikataa. Asubuhi nilimwachia chai kwenye chupa, wali kwenye friji na rimoti juu ya kochi. Nikirudi namwuliza, "Umeshindaje, Baba?" Naye hunijibu, "Salama tu, mama." Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Mimi naoga, nalala.

Siku moja ya theluji mgonjwa niliyepangiwa alihamishiwa hospitali, nikaruhusiwa kutoka mapema. Nilifika nyumbani mchana nikakuta mlango umefungwa. Koti lake halipo, buti hazipo. Simu yake ilikuwa jikoni, imechomekwa kwenye chaji. Nikashuka nikazunguka jengo zima nikiita, kisha nikaenda hadi dukani kwenye kona. Hakuna aliyemwona. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, vidole vimekufa ganzi, simu yangu ilipolia. Namba ngeni.

"Mama, usiwe na wasiwasi," sauti ya Baba ikasema. "Nitachelewa kidogo. Mabasi yanasumbuka na hii theluji. Niko uwanja wa ndege."

"Uwanja wa ndege! Baba, unaenda wapi?"

"Siendi popote. Nipo tu."

Sikumwamini. Nilikimbia juu nikainama chini ya kitanda chake. Sanduku lilikuwapo. Nikavuta droo, pasipoti nayo ipo. Hapo ndipo nilipokaa sakafuni nikagundua kwamba sikushangazwa na wazo la Baba kunitoroka. Nililiona ni jambo la kawaida kabisa, jambo ambalo mimi mwenyewe ningelifanya kama ningekuwa yeye.

Niliendesha gari polepole, theluji ikipiga kioo. Kwa haraka nikafuata kibao kisicho changu, nikajikuta nimeegesha kwenye jengo la pili la uwanja, lile dogo. Baba alikuwa kwenye lile kubwa. Nikapiga ile namba ngeni.

"Baba, nimepotea."

"Unaona nini mbele yako?"

Nikamwambia.

"Basi gari liache hapohapo. Fuata vibao vya treni. Upande ile inayokuja huku, usilipe kitu, kati ya majengo haya mawili ni bure. Ukishuka uko chini ya ardhi, panda ngazi za umeme mpaka penye mizigo."

Nilikuwa nimeishi mji ule miaka saba na sikuwahi kupanda treni ile.

Nilimkuta ameketi karibu na mkanda wa mizigo, kofia mapajani, anacheka. Kando yake alikuwapo mwanamke wa makamo aliyefunga kitenge juu ya koti la baridi. Alikuwa Mkongo kutoka Bukavu, na simu ilikuwa yake. Alikuwa amekuja kumpokea dada yake na watoto waliokuwa wanatoka kambi ya wakimbizi, akashindwa kujua watatokea mlango gani.

"Papa huyu ndiye amenionyesha," akaniambia. "Bila yeye ningezunguka tu. Kila mara ninakuja kupokea watu, ninamkuta hapa."

"Kila mara?" nikauliza.

Baba akaangalia kofia yake. Yule mama akaona amesema zaidi ya alivyotakiwa, akainuka kwenda kutazama ubao wa ndege.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Basi mpaka mjini, halafu treni. Si mbali."

"Na unafanya nini huku?"

"Nakaa. Kule kwako watu wanapita ndani ya magari, mama. Hapa wanapita kwa miguu. Mmoja anatafuta treni, mwingine anatafuta choo, namwonyesha. Anasema asante."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi ukae na mimi. Unachoka vya kutosha."

Nilitaka kumwambia kwamba nisingeacha. Milango ikafunguka, dada yake yule mama akatoka na watoto watatu wamevaa sweta nyembamba, na vilio vya furaha vikafunika kila kitu. Baba alikwenda kuwasalimia watoto mmoja mmoja kwa mkono, kama wakubwa.

Baada ya siku ile niliomba kazini nipewe Jumatano zote bila shifti, wakanikubalia. Jumatano ya kwanza tulikwenda pamoja Roseville kutembea madukani. Ya pili tukapika. Ya tatu nilijilaza kidogo baada ya chai, nikaamka jioni. Baba alikuwa kwenye kochi, amevaa shati la kutokea, viatu ameshavifunga kamba. Hakuwa ameniamsha. Baadaye mwenzangu kazini akaugua, wakaniomba nimshikie zamu yake ya Jumatano, nikakubali. Na iliyofuata pia. Baba akarudia basi lake, na mimi nikashukuru moyoni kwamba ana pa kwenda. Shukrani hiyo ndiyo inayonisumbua mpaka leo.

Mwezi wa nne alisema anataka kurudi Voi, mashine isishike kutu. Sikumbembeleza sana. Siku ya safari tulisimama kwenye foleni ya ukaguzi mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Akanishika bega.

"Rudi kazini, mama, usije ukachelewa."

Alisema kwa huruma, bila kunisuta hata kidogo. Na kweli nilikuwa na shifti mchana ule. Alikuwa bado anainama kuvua viatu nilipoangalia saa.