Mchi wa Bibi

Nasikia haya hata kuandika. Bibi yangu alianguka shambani, huku kwetu Wamaza, na mkono ukakataa kupanda juu. Bila mkono huo halimi. Hospitalini Kasongo, kine, yule daktari wa mazoezi ya viungo, alikuwa anajaribu kwa wagonjwa kadhaa kama fimbo inaweza kuponya bega. Akaniambia, "Ashike fimbo kwa mikono miwili, ainue kila asubuhi." Basi. Fimbo nzito au nyepesi, hakusema. Nami sikuuliza, kwa sababu wagonjwa wote walikuwa wananiangalia.

Nyumbani Bibi akaniuliza, "Fimbo gani, mama?"

Nikajifanya najua. Nikamletea mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo.

Kila asubuhi Bibi aliunyanyua juu, akiguna katikati ya nyimbo za kanisa. Majirani walikuja kutazama. "Bibi iko anatwanga mawingu," walicheka. Mimi nilisimama pembeni kama muuguzi mzima.

Siku ya kurudi hospitalini tulipanda pikipiki, mchi umelala mapajani mwetu. Kufika, nikaona wagonjwa wengine wameshika vijiti vyembamba kama mpini wa ufagio. Nikataka kumvuta Bibi nje, lakini alishanyanyua mchi juu ya kichwa, mkono umenyooka kuliko wa wote.

Kine akatafuta kiti, akaketi. "Mama, nani alikupa hiyo?"

Bibi akanionyesha kwa mchi wenyewe, wagonjwa wakainama usiwagonge.

"Huyu mutoto wangu, iko na masomo. Amesema nikizoea, ataniongezea kinu."

Na kweli nilikuwa nimesema.