Nyongeza ya Kibao cha Changamwe

Dada yangu mdogo alipofungua duka la dawa Changamwe, kando ya barabara ya malori, wateja wa mwanzo waliulizia maharagwe. Chumba kile kilikuwa duka la nafaka, na ukutani bado palikuwa pameandikwa hivyo. Alikuwa ameacha kazi ya mshahara kwa ajili ya dawa hizi, na madereva walikuwa wakipita tu. Asingepata kibao, angefunga. Nikatumwa kwa fundi wa kuandika vibao, maana kwetu ubishi wa bei ni kazi yangu.

Fundi yule hulipwa kwa herufi. Kibali cha dada kilisema pharmacy, naye hakutaka jina jingine. Nikahesabu herufi, nikahesabu tena: nane. Famasi tunayoitamka sisi ni sita. Nikamwuliza dada, hiyo H ina kazi gani?

Akaacha kupanga chupa. Chuoni waliambiwa kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na herufi moja ya kutamka P yenye pumzi. Warumi hawakuwa nayo, wakaandika P na H. Baadaye ndimi zikahamia kwenye F, maandishi yakabaki palepale, Waingereza wakayarithi hivyohivyo. Nikamwuliza na CH ya chemist, mbona haisomwi kama ya chapati? Nayo ya Wagiriki, akasema. Na P ya mwanzo ya psychology, saikolojia yao? Wagiriki waliitamka, Waingereza ikawashinda, lakini hawakuifuta. Nikastaajabu: watu wanalisha herufi isiyofanya kazi miaka yote hiyo.

Hoja hiyo nikaipeleka kwa fundi. Nikamwambia herufi isiyosema ilipiwe nusu.

“Rangi yangu haijui kunyamaza, bwana,” akasema, akaanza kufunga brashi zake.

Hapo nikawakumbuka mama wauza nyanya. Ukishanunua fungu, hukutupia moja ya bure juu yake. Nikamwambia nitalipa saba kamili, H iwe nyongeza.

Akanitazama, kisha akafungua brashi. “Basi herufi ya nyongeza usinichagulie ukubwa.”

Nilipaswa kujua. Nyanya ya nyongeza huwa ndogo siku zote. Kibao kilipokauka, H ilikuwa imejibana kati ya P na A, nyembamba kama kijiti.

Dada hakucheka. “Watadhani na dawa zangu ni za bandia,” akasema. Lakini kibao kingine hakikuwepo, tukakitundika.

Karibu na adhuhuri lori likasimama. Dereva akainua macho, akasoma kwa sauti, “Famasi,” bila kuijali ile H, akateremka kuulizia dawa ya kikohozi.

Dada akamhudumia, kisha akatoka kukitazama kibao. “H ni pumzi tu,” akasema. “Fundi amepatia kuliko Warumi.”

Nikaona mambo yamelainika. Nikamwambia mteja wa kwanza wa kibao angestahili nyongeza kidogo.

“Dawa haina nyongeza, kaka,” akasema, akarudi ndani kupanga chupa.