Mkono wa Mama Uliotetemeka

Mama alianza kutetemeka mkono wa kulia baada ya kuhamishiwa kijiji cha Hali ya Hatari, ambamo wakoloni walitufungia tusiwasaidie wapiganaji wa msituni, juu ya Kianjokoma, nyumba zimebanana na handaki limetuzunguka. Mimi, binti yake mdogo, ndiye niliyebaki naye.

Homugadi wa langoni, mlinzi mwenzetu aliyeajiriwa na serikali, aliyekuwa jirani yetu zamani, aliuona ule mkono ukicheza juu ya mzigo wa kuni.

"Unaogopa nini, mama? Umekula kiapo cha watu wa msituni?"

"Mkono ndio unaogopa," Mama akajibu. "Mimi siogopi."

Alizuiliwa mpaka jioni. Aliporudi sikujua niamini nini. Labda kweli alificha jambo. Siku zile nani hakuficha? Lakini mkono wa pili nao ukaanza, uso ukakauka, hatua zikawa fupi.

Nikaomba pasi ya kutoka kijijini, nikampeleka hospitali kule Embu. Daktari Mzungu alimkunja viwiko, akamtembeza, kisha akaniambia kwa Kiswahili cha kukwamakwama kwamba huo si woga. Ndani ya ubongo kuna chembe hai ndogo sana, na za Mama zilikuwa zinakufa.

"Zinauawa na nini?"

"Hatujui. Ndiyo tunatafuta."

Nilikasirika. Amesoma hivyo, na hajui? Akamwomba Mama ruhusa ya kuchunguza ubongo wake akishafariki. Nikaruka kukataa, maana kwetu maiti ni kitu cha kuogopwa. Mama, sauti imebaki mnong'ono, akasema, "Wacha aangalie. Nimepekuliwa na wengi. Huyu angalau ameomba."

Alifariki wakati wa mvua. Baada ya miezi kadhaa daktari aliniita nichungulie kwenye hadubini. Kwanza akanionyesha chembe za ubongo wa marehemu mwingine ambaye hakuugua hivyo: zimejaa punje nyeusi, kama mtu amemwaga unga wa makaa. Kisha za Mama. Weupe mtupu, chembe chache hapa na pale, na moja ilikuwa na kiduara ndani yake.

"Hicho ndicho kilichomuua?"

"Huenda. Au chembe ilikitengeneza ikijaribu kujiokoa."

Nilichungulia tena, nisijue kama nakichukia kile kiduara au nakihurumia.

Dada yangu, aliyeolewa Ishiara, alikuja kuniuliza nimeona nini.

"Vidoa," nikamwambia.

"Vya nini?"

Nikaanza kumweleza kwa Kiembu, nikakosa neno la kuitia chembe hai, akaanza kulia. Nikamshika tu mkono.