Mwanafunzi Mwenye Mvi

Milka alianza kuanika singa za mkonge akiwa msichana, katika shamba moja karibu na Mata, mpakani. Wenzake walimchagua awawakilishe katika chama cha wafanyakazi kwa sababu hakuogopa kusema. Mwaka wa sabini na nne aliingia katika mazungumzo ya mishahara, mwanamke pekee mezani.

Alitaka jambo moja. Wakataji waliotoka ng'ambo ya mpaka walilipwa nusu ya wenyeji. Vibali vyao vya kazi viliwafunga kwa mwajiri yule yule. Aliyelalamika alinyang'anywa kibali na kupakiwa kwenye lori. Wenyeji wengine hawakuona ubaya. "Si wamekuja kula kwetu?"

"Leo ni wao," Milka aliwaambia. "Kesho meneja atawauliza nyinyi mnadai pesa nyingi za nini, na hawa wanakata kwa nusu."

Hilo liliwaingia. Meneja alibisha sana, mwishowe akakubali: kazi moja, mshahara mmoja, awe raia au mgeni. Hudson, katibu wa chama, akatia sahihi. Mbuzi wakachinjwa, watu wakala na kuimba.

Mwisho wa mwezi, Timotheo alimfuata Milka penye kamba za kuanikia. Alikuwa mzee kutoka Upare, ng'ambo ya mpaka, kichwa chote mvi, jicho moja limetobolewa na mwiba wa mkonge katika shamba lilo hilo.

"Mwanangu, wameniandika mwanafunzi."

"Mwanafunzi wa nini?"

"Wa kukata mkonge. Sisi wote wa vibali tumekuwa wanafunzi. Na mwanafunzi hayumo katika mapatano, nusu yetu ni ile ile."

Milka alikwenda moja kwa moja kwa Hudson. "Ulijua?"

"Dada Milka, sisi tumepata yetu," Hudson alisema, akichokonoa meno kwa kijiti. "Neno hilo aliliweka meneja. Na wale hawapigi kura chamani."

Milka alimpa mgongo.

Alipanda gari hadi Voi, akashtaki katika ofisi ya leba ya serikali. Afisa alikuja shambani baadaye, akala chakula cha mchana nyumbani kwa meneja, akasema mafunzo yanaendelea vizuri. Milka alimtazama akipangusa mafuta midomoni na hakumuaga.

Basi akagombea cheo cha Hudson. Alizunguka kambi baada ya kambi, akimtaja Timotheo na jicho lake, mpaka hata waliokuwa wakiwacheka wageni wakaona aibu. Alishinda. Mapema mwaka wa sabini na saba, neno "mwanafunzi" likafutwa katika mapatano mapya.

Kabla mshahara wa kwanza haujalipwa, serikali za pande mbili ziligombana, mpaka ukafungwa. Malori yalikuja asubuhi, wageni wakapakiwa na magodoro yao, wakarudishwa kwao. Timotheo aliondoka Milka akiwa kiwandani, bila kwaheri.

"Umeona sasa?" Hudson alimwambia. "Ulihangaika bure."

Tangu siku hiyo, wakikutana kanisani na Hudson akimnyooshea mkono, Milka alikishika kitabu chake cha nyimbo kwa mikono yote miwili.