Anwani ya Kaka

Kaka yangu tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi, hospitalini alikofanya kazi, kompyuta yake ikaonekana iko hewani, inajaribu kufungua mafaili ya wagonjwa. Naandika haya kwa sababu watu wengi walisikia ubaya wake, na waliosikia mwisho wake ni wachache.

Alikuwa fundi wa mtandao wa hospitali. Sisemi intaneti ya kwenye simu. Nasema zile waya zinazopita juu ya dari na kuunganisha kompyuta za mapokezi, maabara, wodi na duka la dawa, ili majibu ya damu yako yamfikie daktari kabla wewe hujafika. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, jirani na stoo ya magodoro, na harufu ya magodoro mapya ilimfuata mpaka nyumbani. Wenzake walimwita Waya. Mwembamba alikuwa kweli, ila jina lilitokana na ukali wake: ukihamisha kompyuta bila kumwambia, siku hiyo utamsikia. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alipenda kunitania mbele ya mkewe: "Huyu wifi yako ndiye wifi pekee ninayemwamini. Ile nyingine haina hata waya wa kushika." Wifi alishauchoka mzaha huo tangu mwaka wa harusi, na bado alicheka.

Shida ilianza na mwalimu wa hesabu, mzee tunayesali naye kanisa moja. Alikuwa na ugonjwa ambao hakutaka ujulikane, akatibiwa kimya kimya. Ghafla ukajulikana, mpaka wanafunzi wake wakawa wanautaja kwa kunong'ona akigeukia ubao. Hospitali ikachunguza nani alifungua faili lake. Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani yake ya kutambulika, na iliyoonekana ilikuwa ya kompyuta ya Kaka.

Daktari mkuu akamwita mbele ya wafanyakazi wote. Kaka alitusimulia alipotoka huko, chakula chake kikiwa hakijaguswa.

"Nimemwambia kuna mtu amevaa anwani yangu. Ananiambia kompyuta haidanganyi, fundi, watu ndio wanaodanganya."

"Kwani inawezekana?" nikamwuliza. "Kompyuta ijifanye nyingine?"

"Mdogo wangu, tarishi akisimama getini akauliza mama mwenye nyumba ni nani, mpangaji akawahi kujibu 'mimi hapa,' barua atapewa nani?"

"Mpangaji."

"Basi. Kompyuta nazo zinaulizana hivyo hivyo kutwa nzima, na yoyote inayojibu inaaminiwa. Hazijafundishwa kushuku. Yangu inaruhusiwa kuingia kila mahali, kwa hiyo ndiyo tamu ya kuigiza."

Dawa ilikuwepo, naye alikuwa ameiomba muda mrefu. Waya zote hukutana kwenye sanduku la chuma wanaloliita swichi. Alitaka swichi ifundishwe kila soketi ya ukutani, pale waya wa mtandao unapochomekwa, ni ya kompyuta gani. Anwani ikisikika kutoka soketi isiyo yake, swichi inaizima soketi hiyo papo hapo na kutoa taarifa. Wakuu wa idara walikataa. Walizoea kuhamisha kompyuta wanavyotaka, na hakuna aliyependa kwenda kumwomba Waya ruhusa.

Kaka akasimamishwa kazi. Kompyuta yake daktari mkuu akaifungia kabatini ofisini kwake, ufunguo akautia mfukoni.

Kanisani hakuna aliyetufukuza. Watu walisogea tu kidogo kwenye benchi. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa akitupa mkono kila Jumapili, sasa alishika kitabu cha nyimbo kwa mikono yote miwili. Kaka aliendelea kwenda, shati limenyooshwa vizuri, akakaa palepale alipozoea. Mimi nilimwomba Mungu kitu kimoja: jina lake lisafishwe akiwa anaona. Nilisema hivyo hivyo, "akiwa anaona," pasije pakawa na kutoelewana.

Presha ikapanda. Moyo wake haukuwa mzima tangu zamani. Alilazwa hospitali ile ile, mkabala na meza ya wauguzi, na hata pale macho yake hayakutoka kwenye kitaa cha kijani kinachowaka nyuma ya kompyuta yao mtandao ukiwepo. Fundi mwenzake, Mama Pacha, alikuja kumwona mchana.

"Pumzika, Waya. Mtandao upo."

"Upo kwa nani?" Kaka akasema. "Iwashe ile kinga ya swichi. Mwombe mkuu tena."

"Nimeomba. Anasema tungoje uchunguzi uishe."

"Uchunguzi wanaufanyia kabatini. Mwizi hayumo kabatini."

Mimi aliniomba nimsomee zaburi, fupi, kwa sababu ndefu zilimchosha. Alikata roho Alhamisi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa wifi.

Mazishini karani wa ofisi ya takwimu pale hospitalini, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alibeba jeneza kwa mbele. Nilimshukuru. Mama Pacha alilia kuliko wengi wetu, kisha akamfuata daktari mkuu mpaka kwenye gari lake. Sijui alimwambia nini. Labda ni huzuni, labda ni aibu, ila safari hii alikubaliwa. Jumapili alitoka ibadani akaenda moja kwa moja kwenye kile chumba cha chini ya ngazi, akaiwasha kinga.

Jumatatu kazi ilipoanza, wa kwanza kukatika walikuwa duka la dawa, kwa kuwa walibadilishana kompyuta bila kusema.

"Amezikwa juzi na bado anatubana," mfamasia akalalamika.

Mama Pacha alikuwa amepiga magoti chini ya meza yao, anawarekebishia, simu yake ilipoleta taarifa: anwani ya Kaka imesikika kutoka soketi ya ofisi ya takwimu. Hakwenda takwimu. Alipanda kwa daktari mkuu.

"Mkuu, naomba ufungue kabati."

"La nini asubuhi yote hii?"

"Fungua tu, mkuu."

Kompyuta ilikuwemo, imezimwa, ina vumbi. Akamwonyesha simu. Mama Pacha anasema daktari alikaa chini kabla hajamaliza kusoma.

Karani walimkuta anachomoa waya na kuuchomeka tena, akishangaa umekufaje. Alikuwa ametulia tangu Kaka asimamishwe; sasa alidhani Mama Pacha ndiye aliyerithi kompyuta yake, na lawama zingemwangukia huyo. Alipoulizwa sababu, alisema alipenda tu kujua habari za watu. Na bega lake lilikuwa limembeba kaka yangu.

Daktari mkuu alikuja nyumbani kwa wifi na ile kompyuta kwenye mfuko.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

Wifi hakuupokea mfuko. "Ulimsema mbele ya watu, daktari. Radhi yake nayo iko huko huko."

Kesho yake akaisema kwenye ukumbi wa mapokezi, wafanyakazi wamesimama na wagonjwa wamekaa kwenye viti. Mama yetu alisimama na wifi karibu na mlango. Mwalimu wa hesabu alikuwa kwenye foleni ya dawa, mbele ya macho ya wote, maana siri yake hakuna fundi wa kuirudisha. Aliiacha foleni akaja.

"Mama, mwanao nilimwombea mabaya. Nilimtaja kwa jina."

"Na yeye alikuombea upone," Mama akasema. "Kwa jina pia."

"Basi tulimpa Mungu kazi."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha kicheko kikageuka kilio, na mwalimu akamshika mabega.

Jina limesafishwa. Namshukuru Mungu, na bado namwuliza kuhusu yale maneno mengine, "akiwa anaona."

Kabla hatujaondoka, Mama Pacha alimwuliza wifi kama aifute anwani ya Kaka.

"Ukiifuta inakuwaje?"

"Inabaki haina mwenyewe."

"Basi iache."

Iko pale, imefungwa kwenye soketi ya chumba cha chini ya ngazi. Nilishuka kuitazama. Hakuna kilichochomekwa, na kitaa chake hakiwaki.